Leza na kutu: mpwa wangu anaenda kusomea hiki kitu, wanaojua naombeni mnieleweshe

fundi_wa_sahare
Wakuu habari za jioni. Mi ni fundi chuma hapa Tanga, banda langu lipo upande wa Sahare, kazi zangu kubwa ni mageti, nondo za madirisha na vyuma vya boti, yani shafti, usukani, mabano ya kufungia injini na kadhalika, nina miaka 22 kwenye hii kazi. Kuna jambo naomba mnisaidie na nataka wanaojua kweli ndo wanijibu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kamaliza digrii ya uhandisi na sasa kapata nafasi ya kusoma masta nje, ada inalipwa na chuo. Profesa atakayemsimamia ni wa uhandisi wa matirio, yani elimu ya vyuma na vitu vingine vya kutengenezea, na utafiti wake ni wa kutumia leza kukinga vyuma visiliwe na kutu. Nyumbani ndo pana mjadala mkubwa. Dada yangu anasema leza anayoijua yeye ni ile ya hospitali ya kuvunjia mawe kwenye figo, na bibi anauliza mtoto wa kike apande ndege aende mpaka huko akasomee kutu, kutu si ipo hapa hapa Tanga tele inatudondokea kutoka kwenye mabati. Wote wamenigeukia mimi kwa sababu kwenye ukoo mi ndo mtu wa chuma, niseme hiyo elimu ina maana au haina maana, na kusema kweli sijajua niwajibu nini. Ninachojua mimi kutu unaitoa kwa brashi ya waya, msasa au grainda, unapiga praima, unapiga rangi, alafu baada ya masika mawili unaitwa tena pale pale.

Nimeona video moja, mtu kashika kitu kama bunduki ya kupulizia rangi, mwanga unapita juu ya chuma chenye kutu na kutu inaondoka kama vumbi, chuma kinabaki cheupe. Ndo hicho atakachoenda kusomea? Na kama ni hicho, mwanga unawezaje kuzuia kutu isirudi, maana kuitoa hata mimi naitoa.

Kuna na jingine. Mwaka juzi nilimtengenezea nahodha mmoja shafti ya stenlesi. Nilinunua fimbo mpya dukani nikaambiwa hii ndo yenyewe haishiki kutu milele, nikaweka sumaku haikunata, nikaridhika, nikachomelea flanji nikamfungia. Haikumaliza mwaka. Ilikatika sentimita chache kutoka pale nilipochomelea, boti ikiwa nje ya kisiwa cha Toten na watu sita ndani, wakarudi kwa makasia na Mungu saidia upepo wa kusi ulikuwa umetulia siku ile. Nilipoichukua ile shafti nje inang'aa kama mpya, lakini ina vitundu vidogo kama vimechomwa na sindano, ukiingiza waya mwembamba unazama. Nahodha hakunilaumu, alisema ni kazi ya bahari, ila mimi jambo lile limenikaa rohoni mpaka leo na kile kipande ninacho bandani sijakitupa. Kama utafiti wa huyo profesa unagusa kitu cha namna hii basi nitasimama mwenyewe mbele ya dada niseme mtoto aende.

mpaka_rangi_Kigombe
Pole sana shekhe na mshukuru Mungu kwa hao watu sita. Mi napaka rangi boti na matanki huku Kigombe na nitasema ninachokiamini, hizo leza ni nzuri kuziona kwenye simu ila kwa mtu wa pwani kinga ni tatu tu, kuosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zinki, yani vile vipande unavyovifunga kwenye boti viliwe na bahari badala ya chuma, na rangi iliyopakwa na mtu mwenye subira. Watu wengi wanakwangua kutu leo wanaipiga praima kesho kutwa, kumbe kwa hewa yetu hii chuma kikishakwanguliwa asubuhi, jioni ukikifuta kwa kidole unaona tayari kimeanza wekundu. Na hawaoshi. Chumvi inabaki ndani ya vile vishimo, rangi inaifunika, chumvi inavuta unyevu kupitia rangi, baada ya miezi unaona malengelenge. Mtoto aende akasome simpingi, elimu ni elimu, ila mi bado sijaona leza itafanya nini ambacho ndoo ya maji ya bomba na zinki haifanyi.

dada_wa_anodi
Kaka fundi nimesoma uzi wako mara mbili. Mi ni mzaliwa wa Ngamiani, kazi yangu ni kukinga mabomba na matanki yasiliwe, kwa hiyo unachouliza ndo mkate wangu, nitaandika kirefu mnivumilie.

Kwanza mwambie bibi hivi. Kutu ni chuma kinarudi kilikotoka. Chuma tunakichimba kikiwa udongo mwekundu, tunatumia moto mkubwa kukitenganisha na oksijeni, na tangu siku ile kinatoka tanuruni kinaitafuta oksijeni yake tena. Maji yanakisaidia, na chumvi inasaidia kupita kiasi, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme na kutu ni kazi ya umeme, upande mmoja wa chuma unayeyuka taratibu ukitoa elektroni, upande wa pili zinapokelewa na oksijeni. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Ndo maana geti la Raskazone halifanani umri na geti la Korogwe hata kama yametoka kwa fundi mmoja.

Na sio jambo dogo la vijijini. Mwaka 2016 chama cha kimataifa cha wahandisi wa kutu kilipiga hesabu dunia nzima kikapata hasara ya dola trilioni 2.5 kwa mwaka, sawa na asilimia 3.4 ya pato la dunia. Kwa hiyo anayesomea kutu anasomea kitu kinachokula hela kuliko bajeti za nchi nyingi ukiziunganisha.

Sasa leza. Ile video uliyoiona ni kazi moja tu kati ya nyingi, inaitwa kusafisha kwa leza. Wazo lake ni la zamani kidogo. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman kule California mwaka 1960, na miaka michache tu baadaye mwanafizikia Arthur Schawlow akaonyesha unaweza kufuta herufi iliyopigwa taipu kwenye karatasi kwa leza bila kuichoma karatasi, maana wino mweusi unameza mwanga unachemka na kuondoka, karatasi nyeupe inaurudisha mwanga inabaki salama. Kutu na chuma ni hivyo hivyo. Kutu ni nyeusi nyeusi inameza, chuma kilichosafishwa kinang'aa kinarudisha, kwa hiyo mwanga ukishaifikia chuma safi kazi inapoa yenyewe. Mipigo ni mifupi sana, ile ya nanosekunde, yani sekunde moja ukiigawa mara bilioni moja, kutu inageuka mvuke kabla joto halijapata muda wa kushuka ndani ya chuma. Miaka ya 1970 mwanafizikia John Asmus alikwenda Venice kupiga picha za leza za sanamu za mawe, akakuta ule mwanga unang'oa ukoko mweusi juu ya marumaru na jiwe linabaki, na mpaka leo watu wa makumbusho wanasafishia sanamu kwa njia hiyo.

Ila swali lako la msingi ni zuri kuliko video. Umeuliza mwanga unazuiaje. Kusafisha hakuzuii, hapo mpaka rangi wa Kigombe yuko sahihi kabisa, na tena leza inaacha chuma laini mno, wakati rangi nyingi nzito zinataka ukwaruzo wa mikroni 50 mpaka 75 (mikroni ni milimita ukiigawa mara elfu) ili zishike, kitu ambacho kupiga mchanga kwa kompresa kunakupa na leza mara nyingi haikupi. Kinachozuia ni kazi nyingine za leza na nahisi huko ndo profesa aliko. Kuna kuvika, unachukua chuma cha kawaida cha bei nafuu, leza inayeyusha unga wa nikeli na kromiamu juu yake, unga unaungana na chuma kama umechomelewa, kwa hiyo ndani una chuma cha kawaida na nje una ngozi ya chuma ghali, haibanduki kama rangi. Fimbo za hidroliki za mitambo ya baharini zinavikwa hivyo. Kule Aachen Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer walitengeneza njia ya kuvika kwa kasi kubwa kwa tabaka jembamba, lengo lao kuachana na ile kromu ya kuchovya kwenye tindikali ambayo sumu yake inasababisha kansa na Ulaya wameibana kisheria. Na kuna kuyeyusha ngozi tu bila kuongeza kitu, hiyo ndo inagusa shafti yako, nitairudia nikishafika nyumbani maana naandikia kwenye daladala.

grainda_Temeke
Mi nipo Dar nimewahi kuishika hiyo mashine miezi minne kwenye karakana ya mtu, sio yangu. Fundi kabla hata ya kuwaza kununua naomba unisikilize kwenye hili moja. Mwanga wake HAUONEKANI. Zile cheche unazoziona ni kutu inayoungua, leza yenyewe urefu wa wimbi lake ni nanomita 1064, jicho halina uwezo wa kuiona, kwa hiyo hufumbi jicho, hukwepi, na ikirudi kutoka kwenye chuma kinachong'aa ikakupiga inaunguza nyuma ya jicho bila maumivu, unakuja kugundua umebaki na doa jeusi katikati ya kila unachokiangalia na halitoki. Miwani yetu ya kuchomelea haifai, ile barakoa nyeusi tuliyoizoea imetengenezwa kwa mwanga wa arki. Inatakiwa miwani iliyoandikwa namba ya huo mwanga. Pale nilipokuwa miwani ilikuwa moja na sisi watatu, nikaondoka.

Na moshi wake msiudharau. Boti za zamani zina rangi zenye madini ya risasi, leza inaigeuza moshi mwembamba unauvuta mpaka ndani. Mabati yenye zinki nayo usiyapige, zinki inachemka nyuzi 907 tu wakati chuma hakijayeyuka hata, kwa hiyo unaondoa kinga yenyewe alafu usiku unapata homa ya zinki unatetemeka kama malaria.

Kingine mashine zipo aina mbili na wauzaji wanachanganya makusudi. Kuna ya mipigo, ndo ile dada kaieleza, ghali na taratibu. Na kuna ya mfululizo, wati 1500 au 2000, hiyo inawaka muda wote, ni rahisi na inakimbia, lakini inapasha chuma moto, bati jembamba linapinda na chuma kinabadilika rangi kuwa bluu. Kwa geti nene sawa. Kwa shafti hapana.

mama_wa_tofali
Naomba niulize kidogo hapa hapa, mi nipo Bagamoyo nyumba yetu ipo karibu na bahari, nondo za ndani ya zege zimevimba zege linapasuka dari linadondoka vipande. Leza inaweza kusaidia?

dada_wa_anodi
Mama pole, hapana, mwanga haupiti kwenye zege. Kutu inachukua nafasi mara mbili mpaka mara sita ya chuma kilichokuwepo, ndo maana inapasua. Hapo ni kubomoa zege bovu mpaka nyuma ya nondo, kusafisha, kuongeza nondo mpya pale ilipolika sana, na kuziba upya kwa zege nzito iliyofunika nondo sentimita 5 hivi. Na tafadhali msitumie mchanga wa ufukweni hata ukiambiwa umenyeshewa na mvua, chumvi ya mule ndo mara nyingi inaanzisha. Na watu wasilale chini ya hilo dari.

Kaka fundi sasa narudi kwenye shafti, nipo nyumbani nimetulia.

Stenlesi haishiki kutu kwa sababu moja, ina kromiamu, kuanzia asilimia 10.5 na kuendelea, hiyo kromiamu inashika oksijeni inatengeneza ngozi nyembamba mno ya nanomita chache, huioni, na ukiikwaruza inajijenga tena yenyewe. Adui wa hiyo ngozi ni kloridi, yani chumvi ya bahari. Kloridi haishambulii kote, inatafuta penye udhaifu. Na udhaifu mara nyingi ni vipande vidogo sana vya manganizi na salfa vinavyobaki ndani ya chuma tangu kiwandani, vingine ni vya mikroni moja mbili tatu. Pale ngozi haijakamilika. Kloridi inaingia, kitundu kinaanza, na ndani ya kitundu maji hayazunguki, yanageuka tindikali, kwa hiyo kitundu kinajichimba chenyewe kwenda chini huku pembeni pote panang'aa. Ndo ile sindano uliyoiona. Sio kwamba ulifumba macho, kitundu cha namna hiyo kinamponyoka hata mkaguzi mwenye vifaa.

Sasa sumaku. Hapa naomba mafundi wote wa Tanga wasome. Sumaku haikwambii stenlesi hii ni nzuri. Stenlesi zina madaraja yanayoitwa kwa namba, 304 hainati, 316 hainati, na 201 nayo hainati ikiwa haijapindwa. Hiyo 201 wamepunguza nikeli wakaweka manganizi ili iwe rahisi, ni nzuri kwa kitanda au kishikio cha ngazi ndani ya nyumba, baharini inakufa mapema. 304 ina kromiamu 18 na nikeli 8, nayo kwa maji ya bahari haitoshi. 316 wameongeza molibdenamu asilimia 2 mpaka 3, hiyo inastahimili zaidi, ila hata yenyewe ikikaa kwenye maji yaliyosimama chini ya mpira wa bomba la shafti au chini ya magamba ya baharini yaliyonata inaweza kuliwa. Boti inayofanya kazi kila siku shafti inadumu kuliko boti iliyofungwa miezi.

Alafu uchomeleaji wako. Chuma kikikaa kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni iliyomo inaikamata kromiamu na kukusanyika nayo kwenye mipaka ya punje za chuma, na pembeni ya mipaka hiyo kromiamu inapungua chini ya kiwango. Hiyo haitokei katikati ya pale ulipochomea, inatokea kandokando yake, ndo maana umesema shafti ilikatika karibu na ulipochomelea na sio penyewe. Hapo bahari ikapata mlango, kitundu kikawa chanzo cha ufa, na shafti inazunguka mara mamia kwa dakika ikipinda kidogo kila mzunguko, ufa ukatembea. Kwa kazi za kuchomelea omba yenye herufi L mwishoni mwa namba, 304L au 316L, kaboni yake haizidi asilimia 0.03. Na ile rangi ya bluu na dhahabu inayobaki kandokando iondoe yote, chini yake kromiamu imepungua.

Na leza inaingia hapa. Ukiipitisha juu ya stenlesi inayeyusha ngozi ya juu tu, sehemu ya milimita, na kwa sababu chini pamebaki baridi ile ngozi inaganda kwa kasi ya ajabu, nyuzi laki moja kwa sekunde hata zaidi. Vile vipande vya manganizi na salfa vinayeyuka na havipati muda wa kujikusanya tena. Kromiamu nayo inasambaa sawasawa. Ukipatia, vitundu vinachelewa sana kuanza. Ukikosea, unaongeza nyufa na mikazo, ndo maana kunahitajika utafiti na sio kununua mashine tu na kuanza. Kuna na njia nyingine, leza inapiga chuma kupitia tabaka la maji, mvuke unaolipuka unasukuma wimbi la mshtuko ndani, chuma kinabanwa mpaka milimita moja hivi chini, ufa ukitaka kufunguka unakuta umebanwa. Mapanga ya injini za ndege yanafanyiwa hivyo tangu miaka ya 1990. Shafti ni ndugu yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa dada yako ni kwamba kile kitu kilichokukatikia nje ya Toten ndo kitu anachoenda kusomea mwanao.

mpaka_rangi_Kigombe
Dada nimekuelewa na nakubali nilichukulia leza ni brashi ya bei mbaya tu. Ila zinki usiiache nyuma bwana, mwambie fundi.

dada_wa_anodi
Siiachi hata kidogo. Zinki ni ya mwaka 1824, Humphry Davy ndo aliyeileta kwenye meli za kivita za Uingereza, aliweka vipande vya zinki na chuma kulinda shaba iliyofunika sehemu ya chini ya meli, na shaba ikapona kweli. Tatizo likaja jingine, shaba ilipoacha kuyeyuka ikaacha pia kuua viumbe, meli zikajaa magamba zikawa nzito, wakaziondoa. Elimu ya kutu ina mambo ya namna hiyo, unaponya huku unafungua kule. Kwa boti zetu, zinki igusane na chuma kitupu, usiipake rangi, na ikibaki nusu badilisha usisubiri iishe. Na shafti ya stenlesi ikiwa na propela ya shaba ndo zaidi usiikose.

msomi_wa_Pangani
Naingia kwa kuchelewa. Mimi ni wa Pangani, nipo masomoni nje mwaka wa pili kwenye maabara ya mambo haya haya, nataka mama yake huyo dada ajue siku inavyokwenda maana wazazi wanaogopa wasichokiona.

Asubuhi unakata vipande vya chuma vidogo kama sarafu, unavisugua kwa msasa mmoja baada ya mwingine mpaka unajiona uso. Unavipeleka kwenye chumba cha leza, mlango unajifunga na taa inawaka, hakuna mtu anayeingia bila miwani yake, hilo la macho kaka wa Temeke aliloliandika ndo somo la kwanza kabla ya lolote. Unabadilisha nguvu, kasi, upana wa mstari, kila kipande na mpangilio wake unaandika. Baada ya hapo unakitumbukiza kwenye maji ya chumvi asilimia 3.5, kama bahari, unaunganisha nyaya unaongeza volti kidogo kidogo na kuangalia ni wapi ngozi inavunjika na mkondo unaruka ghafla. Vingine vinawekwa kwenye kabati la ukungu wa chumvi, chumvi asilimia 5, nyuzi 35, wiki na wiki, na kila nikilifungua lile kabati harufu na joto vinanirudisha kwetu mlangoni mwa mto Pangani, sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Kazi nyingi inashindikana. Vipande arobaini, kimoja kinakwambia kitu.

Ila kilichonigusa mimi ni kwamba humu ndani hakuna aliyewahi kuishi na kutu kama sisi. Wanaijua kwenye grafu vizuri sana. Mimi nilipowaambia kwetu msumari wa jahazi unaacha doa jeusi kwenye mbao na mbao inaoza kuuzunguka walinyamaza wakaanza kuuliza maswali. Huyo dada akienda na macho ya mjomba wake atakuwa na kitu wenzake hawana.

Na kazi ipo. Bomba la mafuta kutoka Hoima mpaka Chongoleani ni kilomita 1,443, chuma cha inchi 24 kinachopashwa joto muda wote kwa sababu mafuta ya Uganda yanaganda yakipoa. Bomba la namna hiyo linataka watu wa kutu miaka yote litakapokuwepo, na mwisho wake upo hapo hapo Tanga ng'ambo ya ghuba.

fundi_wa_sahare
Wakuu sijui nianze wapi kushukuru. Dada wa anodi nimesoma maneno yako juu ya ile shafti nikatoka nje nikakaa kwenye jiwe. Miaka miwili nilikuwa nafikiri nilichomelea vibaya, kwamba mkono wangu ulikosea, kumbe ni chuma chenyewe na joto lenyewe na mimi sikuwa na namna ya kujua kwa macho. Haiondoi ukweli kwamba watu walikuwa ndani ya boti ile, ila sasa najua nisirudie nini. Leo nimemfuata nahodha nyumbani kwake nikamweleza yote, 201, vitundu, kandokando ya mchomo. Kaniuliza swali moja tu, boti nyingine ulizozifunga fimbo za duka lile ziko ngapi. Ziko mbili. Nazitoa zote mbili bamvua hili maji yakipwa sana tukiweza kuzilaza, gharama yangu mwenyewe.

Jana usiku nilikaa na dada na bibi. Sikuwasomea simu, nilikileta kile kipande cha shafti nikakiweka juu ya mkeka. Bibi alikishika akakigeuza geuza, akauliza mbona kinang'aa. Nikampa sindano ya kushonea nikamwambia atafute tundu. Alipoipata sindano ikazama alinyamaza muda mrefu alafu akasema kumbe na chuma kinaumwa ndani kama mtu. Dada hakusema kitu, ila asubuhi hii kampigia binti kamuuliza baridi ya huko inataka makoti mangapi.

Sasa mpwa wangu anataka kukibeba kile kipande akampelekee profesa wake. Naomba mniambie nikikateje na nikifungeje kisiharibike njiani, na je kitakuwa na maana yoyote kwake?

msomi_wa_Pangani
Kitakuwa na maana kubwa sana kaka, chuma kilichovunjika kazini baharini kwa kweli ni adimu kwenye maabara.

dada_wa_anodi
Usikikate kwa grainda, joto litabadilisha chuma na utafuta ushahidi. Tumia msumeno wa mkono, mwaga maji taratibu, kata mbali na mvunjiko, sentimita 5 kila upande zinatosha. Pale kilipovunjikia usipaguse kwa kidole, usipake grisi, usipige msasa, wala usijaribu kuvirudishia vipande viwili uone kama vinakaa, kingo zitasagana. Suuza kwa maji safi, kausha kwa feni, funga kwenye karatasi kavu alafu mfuko wa plastiki. Aweke kwenye begi la kupakiwa chini sio la mkononi.

Na chukua kalamu isiyofutika, upande uliokuwa unaelekea propela weka alama ya mshale, andika na miezi iliyokaa majini na ulichomelea kwa fimbo gani ya kuchomelea. Watakaokikata huko watauliza hayo kwanza.

fundi_wa_sahare
Miezi 11. Fimbo za boksi jekundu, bado ninayo mfukoni namba yake nainakili sasa hivi. Nakwenda bandani kutafuta msumeno.